Swali Ambalo Sikumtafsiria Mama

Hakuna aliyenituma. Nilijipeleka mwenyewe, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, nimechoka kuchuma pamba. Baba alikuwa anangoja wanunuzi wapya waje na mizani yao, maana chama cha ushirika kilikuwa hoi, na kila siku alisema watakuja kesho. Mimi sijui kungoja. Kwa hiyo siku ile nilipomsindikiza mama zahanati nikakuta akina mama wamejaa kwenye benchi, nesi anawauliza maswali kwa Kiswahili na wao wanajibu "ee" kwa kila kitu, nikasimama.

"Sista, mimi nitakutafsiria."

Nesi alikuwa mtu wa Kilimanjaro, hata salamu ya Kisukuma hajui. Alinitazama kama mtu aliyeletewa maji ya kunywa. "Njoo, mwanangu. Kaa hapa."

Ilikuwa Alhamisi ya daktari. Mara moja kwa mwezi daktari wa akina mama alitoka mjini Mwanza akaja kijijini kwetu. Ukipita Kisesa, ukaiacha Bujora nyuma, unatembea karibu saa mbili ndipo ulione ziwa. Zahanati iko hapo hapo, juu kidogo ya majabali. Daktari alikaa kwenye chumba cha ndani, nyuma ya pazia, na kitanda kimoja na taa ya betri. Benchi zima lisingeweza kupita kwenye kitanda kile kwa siku moja. Kwa hiyo kazi ya nesi ilikuwa kuchuja. Maswali manne kila mama. Aliyejibu ndiyo kwa swali la nne alipewa kadi ya kijani na kuingia kwa daktari. Aliyejibu hapana alipewa vidonge vyekundu vya kuongeza damu, kwaheri, mwingine.

Swali la nne lilikuwa hili: "Muulize kama anatokwa na damu baada ya kulala na mume wake, au siku zisizokuwa zake."

Nililitafsiri mara sita. Mara ya kwanza nilitafuta maneno ya adabu, nikasema kwa Kisukuma, "Mwenye nyumba akishatoka kwako, huwa unaona damu?" Yule mama, mke wa mvuvi, alipiga makofi mawili.

"Jamani, katoto haka! Nani kamwambia mwenye nyumba huwa anakuja kwangu?"

Benchi likaangua kicheko. "Ajibu! Ajibu!" wakapiga kelele. "Mwenye nyumba yuko kisiwani huko na wengine!"

Nami nikacheka, nikajiona mkubwa. Wa pili, wa tatu, mpaka wa sita, swali lilitoka mdomoni kama nimezaliwa nalo. Wawili walipata kadi ya kijani. Nesi akanipiga begani: "Wewe ungefaa kusomea unesi."

Wa saba alikuwa mama yangu.

Niseme mambo ya kwetu yalivyo. Mama na binti hawazungumzi habari za mwili. Nilipovunja ungo, mama alinifungia nguo kwenye furushi akanipeleka Nyakato kwa shangazi, dada yake baba, nikakaa wiki mbili, nikafundishwa. Niliporudi mama hakuniuliza nimefundishwa nini. Alinipa jembe. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, na sikuwahi kuona kasoro yoyote.

Lakini nilikuwa najua. Tangu mavuno ya mahindi mama alikuwa hanipi tena khanga zake nizifue. Alizifua mwenyewe kabla hakujapambazuka vizuri, na hakuzianika uani. Alizianika ndani ya ghala, juu ya mahindi, mahali pasipo na jua. Niliingia kuchukua mahindi nikaziona. Madoa hayakuwa yametoka. Na kulikuwa na harufu. Baba naye alikuwa amehamishia mkeka wake chumba cha mbele, anasema ni kwa sababu ya joto.

Nesi akauliza swali la kwanza, umri. La pili, watoto wangapi. La tatu, aliolewa na miaka mingapi. Nilitafsiri yote, mama akajibu akiangalia vidole vyake vya miguu. Arobaini na tatu. Saba, mmoja alikufa. Kumi na tano.

"Muulize la nne."

Nikamgeukia mama. Yeye akainua uso akanitazama. Benchi lote lilikuwa limenyamaza. Wale wale waliokuwa wanacheka walikuwa wametulia tuli, wanangoja waone nitapita wapi.

"Anauliza kama mgongo unakuuma," nikasema kwa Kisukuma.

Mama akashusha macho tena. "Unauma," akajibu.

Nikamgeukia nesi. "Anasema hapana."

Nesi akaandika kwenye kadi ya zahanati ya mama. Akahesabu vidonge vyekundu, akavifunga kwenye karatasi. Mama akavipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema asante. Mwingine akakaa. Ilikuwa rahisi hivyo.

Tulishika njia ya nyumbani. Nilitembea mbele, haraka, kama kawaida yangu, mpaka nilipogundua mama hayuko nyuma. Alikuwa amekaa kwenye jiwe, ameshika kiuno. "Tangulia," akasema. "Ng'ombe hawajanywa maji."

Nilitangulia.

Usiniulize kwa nini sikusema jioni ile. Nina kaunta buku ninayoandikia mambo yangu tangu kidato cha pili, na kwenye ukurasa wa siku ile nimeandika mstari mmoja tu: "Leo nimekuwa mkalimani." Kalamu ilikataa kuandika zaidi. Nilijiambia kwamba daktari atarudi mwezi ujao. Nilijiambia vile vidonge vitasaidia, si ni vya damu? Nilijiambia mambo mengi, mimi ninayejifanya sina subira.

Siku kumi baadaye mama alianguka kisimani. Waliomwinua walisema khanga ilikuwa imelowa, na hayakuwa maji. Mpaka jua kuzama maneno yalikuwa yamezunguka kijiji kizima. Wengine walisema karogwa. Wengine walisema polepole kile ambacho miaka hii watu wanasema kwa kila aliyekonda: amepata ule ugonjwa. Jirani aliyekuwa anaazima kinu chetu aliacha kukiazima. Na bado zilibaki wiki karibu tatu kabla ya Alhamisi ya daktari kufika.

Alfajiri nikapanda lori la nyanya linalokwenda mjini, nikateremka Kirumba, kwa shangazi.

Shangazi yangu analala Nyakato lakini anaishi Kirumba, ndivyo anavyosema mwenyewe. Tangu viwanda vya samaki vifunguliwe, minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tunabaki na mapanki, yaani kichwa, mifupa na mkia. Shangazi ananunua mapanki, anayakaanga kwenye sufuria kubwa kando ya soko la Mwaloni, na moshi wake kila mtu anaufahamu. Nilimkuta ameshika upawa, jasho linamtiririka.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Msomi! Matokeo yametoka?"

"Bado."

"Sasa umefuata nini, mapanki? Kaa mbali, mafuta yatakuunguza huo uso wa kuolewa."

Nikamwambia. Nilianza na kisimani, nikarudi nyuma kwenye khanga, nikarudi nyuma tena kwenye benchi. Aliendelea kukaanga. Nilipofika kwenye swali la nne akaacha upawa ndani ya mafuta.

"Rudia hapo."

"Nilimwuliza kama mgongo unauma."

"Na kwa nesi ukasema nini?"

"Hapana."

Shangazi aliipua sufuria. Wateja walikuwa wanalalamika, akawaambia waende wakale majani. Kisha akanigeukia, na sikuwahi kumwona akiwa na uso ule.

"Umemeza vitabu miaka kumi na moja, ukaenda kuongopa kwa Kiswahili safi. Mimi nisiyejua hata kuandika jina langu ningelisema. Unajua kwa nini? Mimi ni wifi yake. Mimi natukanana naye. Wewe ni binti yake, hukupaswa kukaa kwenye kiti kile hata dakika moja! Kwa nini hukumwita mtu mwingine akalisema?"

Ndiyo kwanza nikaona kwamba ingewezekana. Benchi zima lilikuwa limejaa wanawake, yeyote kati yao angemwuliza mama kwa maneno mawili. Nilichotakiwa kusema ni "Sista, huyu ni mama yangu." Basi. Wote wangeelewa. Sikusema kwa sababu sikutaka kushuka kwenye kiti.

"Futa machozi," shangazi akasema. "Hayo hayamtibu mtu. Nisubiri nimkabidhi mwenzangu jiko."

Tulifika nyumbani mchana. Mama alikuwa amelala chumbani, dirisha limefungwa, nguo zimewekwa mlangoni kuzuia hewa isitoke. Alipomsikia shangazi akajifunika mpaka kichwani.

Shangazi aliingia bila kubisha hodi, akafungua dirisha, akasimama katikati ya chumba, akavuta hewa kwa pua.

"Wifi! Mimi nashinda kwenye mapanki kutwa nzima, na wewe unanishinda harufu!"

Nilikuwa mlangoni, nilitaka ardhi ipasuke. Halafu chini ya shuka nikasikia kitu ambacho nilikuwa sijakisikia miezi mingi. Mama alikuwa anacheka. Kicheko kidogo, cha puani, kikakua, kikamtikisa, na kabla hakijaisha kikageuka kuwa kilio. Shangazi akakaa kitandani, akamshika kichwa.

"Nani kakuambia uoze peke yako kama samaki wa jana? Mimi sipo?"

"Niliona haya."

"Haya ya nani? Kaka yangu ndiye mwenye haya, aliyehamisha mkeka. Wewe, toka hapo mlangoni!" Hiyo ilikuwa yangu. Nikatoka, nikakaa chini ya dirisha, na hakuna aliyenifukuza hapo.

Shangazi akauliza yote. Damu inakuja lini? Akija kaka yangu, inatoka? Kiuno? Na maji yanayotoka yakoje? Mama alijibu kila kitu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetua mzigo kichwani. Nilijifunza pale chini ya dirisha kwamba ilikuwa imepita zaidi ya mwaka. Zaidi ya mwaka! Na kwamba alikuwa akijiosha ndani kwa maji ya shabu, lile jiwe jeupe linalouzwa sokoni, ili damu ikauke. Ilikauka siku mbili, ikarudi na hasira.

"Kesho tunakwenda mjini, hospitali kubwa," shangazi akasema. "Hatungojei Alhamisi ya mtu. Na usijioshe na kitu chochote, nakuonya. Daktari akuone ulivyo."

"Wakiniambia ni ule ugonjwa?"

"Watatuambia sote wawili."

Baba tulimkuta uani. Alitaka kusema kitu kuhusu pamba, nani atachuma. Shangazi akamwambia, "Kaka, chuma wewe," na hapo maongezi yakaisha.

Hospitalini tulipanga foleni tangu asubuhi, tukaingia saa nane mchana. Daktari ndiye yule yule wa Alhamisi, mzee wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Muuguzi wa pale alikuwa Msukuma, kwa hiyo hakuna aliyenihitaji. Shangazi aliingia na mama nyuma ya pazia. Mimi nilibaki kwenye kiti cha nje na kadi mkononi. Nilisikia chuma kikigusana na sinia. Nilisikia mama akivuta pumzi. Halafu daktari akaomba taa isogezwe karibu zaidi.

Alipotoka alikuwa amevua glavu. Aliichukua kadi mkononi mwangu, akaisoma ile ya zahanati iliyobanwa nyuma yake.

"Huyu mama alifika zahanati siku yangu? Imeandikwa hatokwi na damu. Nani aliandika hivi? Hii haikuanza jana."

Nikasema, "Ni mimi, dokta."

"Wewe ni nesi?"

"Nilikuwa natafsiri. Sikumwuliza. Nilijibu mwenyewe."

Alinitazama juu ya miwani. Nilitamani anipige. Akasema tu, "Usifanye hivyo tena kwa mtu yeyote," akarudi ndani.

Alikata kinyama kidogo kama punje ya mchele, akakitia kwenye chupa, kikapelekwa kupimwa. Wiki tatu tulikaa kwa shangazi Nyakato. Sitaki kuziandika. Kengele ya kiwanda cha jirani ilipolia asubuhi, wote watatu tulikuwa macho tayari, kila mtu anajifanya amelala. Mchana mimi na shangazi tulikaanga mapanki, usiku mama alihesabu damu kwa nguo. Nilimwambia mama siku moja, wakati shangazi hayupo. Niliona siwezi kuendelea kula naye sahani moja bila kusema.

"Mayu, siku ile zahanati nesi hakuuliza mgongo."

Mama alikuwa anachambua dagaa. Hakusimamisha mikono.

"Najua," akasema. "Aliuliza damu. Nimeuza maziwa Kisesa miaka yote hii, unafikiri sijui damu kwa Kiswahili?"

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Ulipogeuza maneno nilishukuru. Nikasema, mwanangu amenisitiri." Akatoa kijiti kwenye dagaa, akakitupa. "Tulikuwa wajinga wawili siku ile. Usijibebeshe peke yako."

Nimeliandika neno hilo kwenye kaunta buku, lakini sijaamua kama linanipunguzia au linaniongezea.

Majibu yalikuja: kansa ya mlango wa kizazi. Si ule ugonjwa wa watu kunong'ona. Daktari alisema bado haijatoka nje ya kizazi, akaonyesha kwa ngumi yake na kidole mahali ilipofika. "Mngengoja miezi michache zaidi ningekuwa nasema mengine." Aliposema hivyo hakunitazama, lakini mimi nilijiona.

Wakamfanyia upasuaji, wakaondoa kizazi chote. Kwa saa nne na nusu za kungoja shangazi hakutukana mtu hata mmoja, ndipo nikajua anaogopa. Mama alitoka amefumba macho, midomo imekauka, na daktari akasema walichokiona wamekitoa, ila lazima arudi kuangaliwa kila miezi mitatu, asikose hata mara moja.

Siku ya kuruhusiwa shangazi alikuwa Kirumba, yule muuguzi Msukuma alikuwa likizo. Daktari akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akasema anataka mama aelewe alichougua. Akaangaza huku na huku, akaniona.

"Haya, mkalimani. Utaweza leo?"

Mama akasema kwa Kisukuma kabla sijajibu, "Mwambie utasema lote."

Daktari alieleza. Kwamba siku hizi imejulikana kansa hii mara nyingi inaanzishwa na kirusi, mdudu mdogo asiyeonekana. Kinapita kwa kulala na mtu. Mwanamume anakibeba bila kuumwa. Kwa wanawake wengi mwili unakifukuza wenyewe. Kwa wengine kinakaa kimya miaka kumi, ishirini, kisha kinaharibu. Nilitafsiri neno kwa neno.

Mama akauliza, "Basi ni baba yako aliyenipa?"

Hilo nalo nikalipeleka kama lilivyo. Daktari akasema hakuna kipimo cha kumjua aliyeleta na siku gani, wala mume wake hawezi kujua. Mama akaitikia kwa kichwa, polepole. Nilidhani amemaliza. Nikaanza kufunga furushi.

"Kaa," akasema. "Muulize lingine. Huyu binti yangu, naye anatakiwa kuangaliwa?"

Nikageuka. Mama alikuwa ananitazama usoni, jambo asilolifanya. Nikauliza, "Anauliza kama binti yake anatakiwa kuangaliwa."

"Inategemea," daktari akasema. Akanigeukia, mimi sasa, akashusha sauti. "Umeshalala na mwanamume?"

Dirishani njiwa walikuwa wanagombana. Mama aliyejua maneno mengi ya Kiswahili kuliko nilivyodhani alikuwa ametulia, mikono juu ya kidonda chake. Angeweza kugeukia ukutani. Hakugeuka.

"Ndiyo," nikasema. "Mmoja. Shuleni."

Daktari akaandika kitu. Niliinamisha kichwa nikatafuta fundo la furushi.

"Tafsiri," mama akasema.

Nikatafsiri.